Taa ya erbagi ikibaki inawaka, anzia chini ya kiti

Mwaka jana nilinunua gari ya okaziyo hapa Lubumbashi. Ni gari ndogo ya familia, volani kushoto, iliyotumika Marekani mbele ya kufika kwetu. Juma la kwanza halikuisha, taa moja nyekundu ikaanza kubaki inawaka pa tablo: picha ya mtu amekaa, na duara kubwa mbele ya kifua chake. Injini ilikuwa inalia vizuri, breki ziko sawa, batri ni mpya. Nikasema: ni taa tu.

Ku garaji ya kwanza, kijana mmoja akaniambia: « Mukubwa, hiyo si kitu. Natosha ampuli, unanipa 10 000 FC, taa haitakusumbua tena. » Ku garaji ya pili wakasema kalkilateri ya erbagi imekufa, lazima dola 180. Walisema hivyo bila kuunganisha hata chombo kimoja. Ku garaji ya tatu nikakuta mzee mmoja, elektrisie wa magari. Yeye akaniuliza swali ambalo wengine hawakuniuliza: « Mwanangu, nani anaendesha hii gari? »

Nikamjibu: « Papa, mara nyingi ni bibi yangu. Anapeleka watoto ku masomo. »

« Ni mrefu? »

« Apana, ni mfupi. Anavuta kiti mbele kabisa ili miguu ifike ku pedali. »

Mzee akaunganisha skaneri yake, akasoma, kisha akainama na tochi chini ya kiti. Akasema: « Basi hii taa inasema juu ya bibi yako. »

Siku ile njo nilielewa kwamba kuna kifaa kidogo chini ya kiti cha dereva kinachopeleka habari ku erbagi. Magari yenye kifaa hicho ni mengi leo mu miji yetu, na pane yake inatengenezwa vibaya mara nyingi. Hapa chini tunaeleza kinafanya nini, kwa nini kinaharibika, na namna gani fundi anapaswa kukichunguza bila kujiua wala kukudanganya.

Kapteri ya nafasi ya kiti ni nini?

Erbagi ni mfuko wa kitambaa uliokunjwa ndani ya volani, na mwingine mbele ya abiria. Gari ikigonga kwa nguvu, kalkilateri ya erbagi inapeleka umeme ku kapsuli ndogo yenye baruti. Gesi inajaza mfuko kwa muda wa karibu sehemu moja ya 20 ya sekunde. Jicho halioni. Mfuko unatoka kwa mbio inayoweza kufika kilometa 300 kwa saa.

Kwa mtu aliyekaa mbali kidogo na kufunga mkanda, mfuko ule unaokoa kichwa na kifua. Lakini kwa mtu aliyekaa karibu sana na volani, mfuko unamkuta bado unatoka na nguvu yote. Unaweza kumvunja shingo ao mbavu. Mu miaka ya 1990, mu Marekani, watoto na watu wazima wafupi walikufa kwa kupigwa na erbagi mu ajali ndogo ambazo hazikupaswa kuua mtu. Juu ya hiyo sheria ikabadilishwa. Kuanzia mwezi wa 9 mwaka 2003, watengenezaji wakaanza kutia erbagi zinazoweza kupunguza nguvu ao kuzimika kulingana na mtu aliyekaa. Kuanzia mwezi wa 9 mwaka 2006, magari yote mapya madogo yaliyouzwa kule yalipaswa kuwa nazo.

Ili erbagi ipunguze nguvu, lazima ijue mtu amekaa wapi. Ku magari mengi, kazi hiyo inafanywa na kapteri ya nafasi ya kiti. Ni kiboksi kidogo cha plastiki, chenye ukubwa sawa kidole gumba, kimefungwa pa reli ya kiti cha dereva. Karibu nacho kuna kibati cha chuma. Kiti kikisukumwa mbele ao nyuma, kapteri inapita mbele ya kibati, ao inaachana nacho.

Kapteri nyingi za aina hii zinafanya kazi kwa nguvu ya sumaku, kwa njia iliyogunduliwa na mwanafizika Edwin Hall mwaka 1879. Zina waya mbili tu. Kalkilateri inatuma umeme mdogo sana, wa miliampea chache, na kapteri inabadilisha kiasi cha umeme ule kufuatana na kibati kipo ao hakipo. Kiasi kimoja maana yake ni « dereva yuko karibu ». Kiasi kingine ni « dereva yuko mbali ». Dereva akiwa karibu, kalkilateri inachagua erbagi ifunguke na nguvu ndogo.

Kwa kifupi, kifaa hiki kiliwekwa juu ya watu sawa bibi yangu. Dereva mrefu mwenye kukaa nyuma hakihitaji sana. Yule anayevuta kiti mbele njo anakihitaji.

Usichanganye vifaa vitatu

Mafundi wengine wanachanganya vifaa vinavyofanana majina, kisha wanauza kitu kisichohusika. Chini ya viti kunaweza kuwa na hivi vitatu:

- Kapteri ya nafasi ya kiti cha dereva. Inasema kiti kiko mbele ao nyuma. Ndiyo tunaongelea hapa.
- Kapteri ya uzito wa abiria. Iko mu kiti cha mbele cha abiria. Inapima kama kiti ni tupu, kama kuna mtoto ao mtu mzima. Mara nyingi inawasha ao inazima taa ndogo inayoonyesha kwamba erbagi ya abiria imefungwa.
- Kapteri ya mota ya kiti cha umeme. Iko mu magari ya bei, yale yanayokumbuka nafasi ya kiti. Mara nyingi haihusiki na erbagi. Ikiharibika, kiti kinapoteza kumbukumbu yake, basi.

Tena ujue kwamba si kila gari ina kapteri ya nafasi. Magari mengi yanayoingia hapa kwetu na volani kuume, yale yanayotoka Japani na kupita Dar es Salaam mpaka Kasumbalesa, yanaweza kuwa hayana kabisa. Mu magari hayo, taa ya erbagi ikiwaka, sababu inaweza kuwa nyingine: waya ya ond ndani ya volani, kifungo cha mkanda, ao erbagi ya ubavu iliyo ndani ya kiti. Juu ya hiyo usikubali mtu akuambie « ni kapteri ya kiti » mbele ya kusoma kode.

Taa inasema nini

Geuza ufunguo mpaka tablo iwake, usiwashe injini. Taa ya erbagi inapaswa kuwaka sekunde chache, karibu 6 ku magari mengi, kisha izimike yenyewe. Hiyo ni kalkilateri inajichunguza.

- Taa inawaka kisha inazimika: kalkilateri haikuona pane yoyote.
- Taa inabaki inawaka: kuna pane imeandikwa ndani.
- Taa inawaka-inazimika njiani: mara nyingi ni fishi yenye kulegea ao waya yenye kukatika nusu.
- Taa haiwaki hata kidogo: hii njo mbaya zaidi. Ampuli imekufa, ao mtu aliitosha kwa makusudi.

Pane ikiwa imeandikwa, huwezi tena kutegemea erbagi. Ku gari fulani haitafunguka siku ya ajali. Ku gari nyingine itafunguka, lakini kalkilateri haitajua dereva yuko karibu ao mbali, na itachagua nguvu bila habari ya kweli. Hauwezi kujua ni lipi kati ya hayo mpaka siku unagonga.

Kwa nini inaharibika hapa kwetu

Mara nyingi kapteri yenyewe haijafa. Chini ya kiti ni mahali pabaya kwa kitu cha umeme. Sababu zinazojitokeza mara kwa mara ni hizi:

Vumbi na matope. Wakati wa ukavu, vumbi nyekundu inaingia kila mahali. Mvua zikianza mwezi wa 11, viatu vinaleta matope ndani. Matope yakikauka ndani ya fishi, umeme haupiti vizuri.

Maji. Vijana wanaoosha gari wanamwaga maji hata ndani, juu ya moketi. Maji yanabaki chini ya kiti siku nyingi. Visindano vya fishi vinaota kutu ya rangi ya majani.

Kufungua viti. Wengi tukinunua gari, kitu cha kwanza ni kutia lino ao kufunika viti upya. Fundi wa viti anafungua viti, anachomoa fishi, kisha mtu anageuza ufunguo ili asikie muziki. Pale pale kalkilateri inaandika pane, na ku magari mengi haitaifuta yenyewe.

Vitu vilivyoanguka. Chupa, funguo, feza ya chuma, mwavuli. Kiti kikisukumwa, kitu kile kinakata waya ao kinapinda kibati.

Miguu ya abiria wa nyuma. Mu taksi, miguu inaingia chini ya kiti cha mbele mara mia kwa siku, na inavuta waya.

Kiti cha gari nyingine. Gari iliyogonga inawekewa kiti kilichotoka ku gari ingine. Kiti kinaingia vizuri, lakini kapteri haipo, ao si ya aina moja.

Mbele ya kugusa: hatari

Hapa tunaomba umakini. Chini ya kiti hakuna kapteri peke yake. Mara nyingi kuna pia waya za erbagi ya ubavu na za kivuta-mkanda, na vyote viwili vina baruti. Fishi za erbagi zinatambulika na rangi ya manjano. Kuzichezea wakati batri imeunganishwa ni sawa kuchezea bunduki yenye risasi.

Kanuni ambazo fundi hapaswi kuvunja:

1. Zima gari, ondoa ufunguo, chomoa waya hasi ya batri, uisogeze mbali isirudi kugusa.
2. Ngoja. Kalkilateri ina akiba ya umeme inayoweza kulipua erbagi hata bila batri. Toyota inaomba angalau sekunde 90, Honda inaomba dakika 3. Mzee wetu anangoja dakika 10, na anasema hajawahi kujuta.
3. Usipime kamwe erbagi ao kivuta-mkanda na multimetri upande wa omu, wala na taa ya kupimia. Umeme mdogo ule unaweza kutosha kuilipua.
4. Usikate fishi ya manjano. Ndani ya fishi nyingi za erbagi kuna kibati kidogo kinachounganisha waya mbili fishi ikitoka, ili erbagi isilipuke kwa bahati mbaya. Ukikata waya, unaondoa ulinzi huo.
5. Wakati wa kurudisha batri, mtu yeyote asikae ndani ya gari. Kisha geuza ufunguo ukiwa umeegama pembeni, kichwa mbali na volani.

Ikiwa fundi wako anaanza kuvuta waya chini ya kiti wakati redio ya gari inaimba, mwambie kwa heshima aache, ubebe gari yako.

Hatua kwa hatua: namna ya kuchunguza

*Hatua ya 1: Uliza historia.* Taa iliwaka lini? Kisha kuosha gari? Kisha kutia lino? Kisha kusukuma kiti? Jibu la mwenye gari mara nyingi ni nusu ya kazi.

*Hatua ya 2: Soma kode.* Kwa hii lazima skaneri inayoingia mu kalkilateri ya erbagi. Vile vidude vidogo vya bei nafuu vinavyounganishwa na simu, vingi vinasoma injini tu. Vikisema « hakuna pane », havisemi kitu juu ya erbagi. Kode za erbagi zinaanza na herufi B. Ku Toyota nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Marekani, kode B1653 inahusu kapteri ya nafasi ya kiti. Watengenezaji wengine wana namba zao. Andika kode pa karatasi mbele ya kufuta kitu chochote. Uangalie pia kama pane iko sasa ao ni ya zamani.

*Hatua ya 3: Angalia habari za moja kwa moja.* Skaneri nzuri inaonyesha kile kapteri inasema wakati ule ule. Kila kitu kikiwa kimeunganishwa, sukuma kiti polepole kutoka nyuma mpaka mbele. Neno pa skaneri linapaswa kubadilika mara moja, kutoka « nyuma » kwenda « mbele ». Likibadilika vizuri, kapteri inafanya kazi, na pane ilikuwa ya muda. Likiruka-ruka, tafuta waya ao fishi. Lisipobadilika kabisa, tafuta kibati, kapteri, ao waya iliyokatika.

*Hatua ya 4: Tumia macho na tochi.* Bado bila kugusa. Toa vitu vilivyoanguka vinavyoonekana. Angalia kama waya imebanwa ndani ya reli, kama imechunika, kama kuna unyevu pa moketi. Angalia kibati: kimepinda? kimeondoka? Nafasi kati yake na kapteri ni ndogo, na kibati kilichopinda kidogo tu kinatosha kuharibu habari.

*Hatua ya 5: Chomoa batri, ngoja, kisha fungua fishi.* Angalia visindano kimoja kimoja. Kutu? Matope? Kimoja kimerudi nyuma? Safisha na dawa ya kusafishia vitu vya umeme, si na petroli, wala na maji. Acha ikauke. Rudisha mpaka usikie « tik » ya kufunga.

*Hatua ya 6: Pima waya.* Ikiwa fishi ni safi na pane bado iko, pima waya za kapteri peke yake, fishi ikiwa imechomolewa pande zote mbili, ku kapteri na ku kalkilateri. Unatafuta vitu vitatu: waya imekatika, waya inagusa bodi ya gari, ao waya mbili zinagusana. Wakati wa kupima, sukuma kiti mbele na nyuma, juu waya iliyovunjika ndani inaweza kuonyesha kasoro paka kiti kikiwa nafasi moja.

*Hatua ya 7: Badilisha kapteri, kama kila kitu kingine ni kizima.* Namba ya kapteri mpya lazima ilingane na ya zamani. Ya gari ingine inaweza kuingia pa reli na bado ikasema uongo. Bulo za kiti zikazwe kwa nguvu inayotakiwa: kiti kinachocheza ni hatari kupita hata erbagi.

*Hatua ya 8: Futa kode, jaribu.* Taa iwake sekunde chache, izimike. Sukuma kiti mwanzo mpaka mwisho. Endesha mu barabara yenye mashimo. Kisha usome kode tena. Ikirudi, kazi haijaisha.

Kalkilateri njo kitu cha mwisho kushitaki. Anayeanza nayo bila kupitia hatua hizi, anacheza bahati nasibu na feza yako.

Ujanja wa kukataa

Kuna « matengenezo » manne yanayofanywa mu garaji zetu, ambayo hayatengenezi kitu:

- Kutosha ampuli ya taa, ao kuifunika na skochi nyeusi.
- Kuunganisha taa ya erbagi na taa ingine, sawa ile ya mafuta ya injini, ili zizimike pamoja. Mnunuzi anaona taa inawaka na kuzimika, anafikiri kila kitu ni sawa.
- Kutia rezistansi mahali pa erbagi ao kapteri, ili kalkilateri iamini kwamba kitu kipo.
- Kufuta kode asubuhi ya kuuza gari, ikijulikana itarudi kesho.

Ukinunua gari, fanya hivi. Geuza ufunguo, uangalie taa zote za tablo. Taa ya erbagi inapaswa kuwaka na kuzimika kwa wakati wake, si pamoja na ya mafuta. Ile ya mafuta inazimika injini ikiwaka, ya erbagi inazimika hata injini haijawaka. Omba kusoma kode za erbagi mbele ya kulipa. Endesha, kisha usome tena. Sukuma kiti mbele na nyuma mara kadhaa. Muuzaji akikataa hayo, amekwisha kukujibu.

Taa ikizimika, bado kuna kazi yako

Taa iliyozimika haimaanishi kwamba hakuna hatari yoyote. Kalkilateri inaona pane ya umeme, haioni kila kitu. Hata watengenezaji wakubwa wamekosea: mwezi wa 12 mwaka 2023 Toyota iliita magari kama milioni 1,12 juu ya kapteri za kiti cha abiria, na mwezi wa 2 mwaka 2024 Honda ikaita magari karibu 750 000 mu Marekani juu ya kapteri ya uzito. Ikiwa gari yako ilitumika Marekani, namba yake ya chasi yenye alama 17 inaweza kuchunguzwa bure pa ukurasa wa intaneti wa NHTSA, ofisi ya serikali ya kule ya usalama wa barabara. Utaona kama gari yako iliitwa na haikutengenezwa.

Yanayobaki ni mazoea yetu:

Funga mkanda. Erbagi ilitengenezwa kusaidia mtu aliyefunga mkanda. Bila mkanda, unarukia mfuko wakati unatoka.

Acha nafasi. Kati ya mfupa wa kifua na katikati ya volani, angalau sentimeta 25. Mtu mfupi anaweza kuegemeza mgongo wa kiti nyuma kidogo, ao kuinua kiti, ao kuteremsha volani ikiwa inashuka, ielekee kifua badala ya uso.

Watoto nyuma. Wenye chini ya miaka 13 wakae nyuma. Kiti cha mtoto mchanga kinachoangalia nyuma kisiwekwe hata siku moja mbele ya erbagi inayofanya kazi. Na mtoto pa magoti ya mama mbele, tunaona hiyo kila siku, lakini mfuko utamkuta mtoto wa kwanza.

Abiria wawili pa kiti kimoja. Mu taksi zetu ni desturi kubana watu wawili mbele. Erbagi na kapteri ya uzito vilihesabiwa kwa mtu mmoja na mkanda mmoja. Hakuna skaneri inayoweza kutengeneza hilo.

Na gari yangu?

Mzee alichomoa batri, akaketi pa kibao, tukangoja dakika zake 10. Kisha akafungua fishi ya kapteri: ilijaa udongo mwekundu uliokauka, na kufuli yake haikufunga vizuri. Niliyemnunulia gari alikuwa ametia lino mpya ili ipendeze. Fundi wake alirudisha kiti haraka haraka, na fishi ikabaki nusu. Mzee alisafisha, akafunga, akafuta kode, akasukuma kiti mbele na nyuma akiangalia skaneri. Neno likabadilika: nyuma, mbele, nyuma, mbele. Nililipa dola 25.

Jioni bibi yangu akaingia ndani ya gari, akavuta kiti mbele sawa kila siku, akageuza ufunguo. Taa ikawaka, akahesabu kwa sauti mpaka sita, ikazimika. Leo watoto wenyewe njo wanahesabu kila asubuhi mbele ya kuondoka. Siku watahesabu mpaka saba na taa bado iko, tumekubaliana: ile siku watatembea na miguu.